Herufi Zilizozimika Penye Mvuke

Bwana Ezra bado ananisalimia kanisani. Ananishika mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto anajua hauna vidole vya kushikwa, na anasema, "Ndugu Barasa, Mungu ni mwema." Mimi nasema ni mwema. Halafu naenda kukaa mbali naye. Nimestaafu mwezi wa nne, sina tena mtu wa kunitishia kazi, na hiyo ndiyo sababu naandika.

Naandikia nyinyi wa karakana, mnaotengeneza mabango na mashine ya kukata stika. Sina ubaya na stika. Inakaa vizuri, haimwagiki, na mtu anaweza kuitengeneza huku anakula mandazi. Lakini kuna siku mtatumwa mahali penye mvuke, na stika itakauka na kujikunja kama jani la tumbaku, na mtaambiwa mpake rangi kwa mkono. Siku hiyo mtahitaji kujua kilichompata Mzee Elfas, fundi aliyenifundisha kazi. Kama hamtaki kusoma yote, someni tu mahali penye mfuniko wa mkebe.

Mimi niliachia shule darasa la sita. Kizungu changu nilikipata kwenye mbao, na sehemu kubwa ya hicho Kizungu ilikuwa neno moja, KEEP. Hesabuni mbao za barabara, za viwanda, za mageti ya mashamba. KEEP LEFT. KEEP OUT. KEEP OFF THE GRASS. KEEP GATE CLOSED. KEEP DRY. Nimelipaka hilo neno hadi mkono ukawa unalijua kuliko mdomo. Mzee Elfas alisema mwenye kuweza kuandika KEEP vizuri anaweza kuandika chochote, kwa sababu K ni ngumu, P ni ngumu, na zile E mbili zinakuumbua, maana zimekaa pamoja na kila mtu anaona kama hazifanani.

Nilimpata Nakuru. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, natoka Bungoma, natafuta kazi yoyote. Yeye alikuwa na kibanda cha mbao upande wa reli. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa mabehewa, ndiye aliyeandika zile nambari ubavuni, na Elfas alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mfupi, kofia ya sufu hata jua likiwaka, na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Aliniangalia viatu kwanza.

"Unaweza kusimama siku nzima?"

"Naweza, mzee."

"Unaweza kunyamaza siku nzima?"

Nikanyamaza. Akacheka. "Haya. Ingia."

Siku hiyohiyo aliniachia ubao mmoja, KEEP LEFT, akaenda kunywa chai. Mimi nilianzia kushoto, kama mtu anayeandika barua. Herufi ya kwanza kubwa, ya pili kubwa, najisikia fundi. Kufika mwisho ubao ukaisha. Nikabaki na KEEP LEF. Nilijaribu kuibana T pembeni ikawa kama msumari.

Mzee akarudi, akasimama na kikombe mkononi. "Na huyu T? Atakuja na miguu?"

Nikamwambia nitaufuta ubao. Akakataa. Aliutundika ule ubao juu ya mlango wa kibanda na ukakaa hapo miaka miwili. Wateja walikuwa wakiingia wananiita Lef. Hata mke wangu Nekesa, wakati tunajuana, alidhani ndilo jina langu la nyumbani.

Basi nikafundishwa. Hesabu herufi, na nafasi ihesabu kama herufi. Tafuta ya katikati. Piga uzi wa chaki juu na chini. Anza katikati uende pembeni pande zote. Fimbo ya kuegemea ishike kwa mkono wa kushoto, ile yenye donge la kitambaa kichwani, mkono wa kulia ulale juu yake. Brashi ya nywele ndefu ibebe rangi, usiisukume, ivute. Usipumue katikati ya mstari. Ukimaliza osha brashi kwa tapentaini, halafu sabuni, halafu ipake mafuta kidogo na uinyooshe nywele kwa midomo. Ndiyo, kwa midomo. Nimekula rangi nyingi, na mkiniuliza kwa nini nakohoa, sijui, labda ni hiyo.

Jioni kabla ya kufunga alitoa daftari. Lilikuwa daftari la shule lililofunikwa karatasi ya kaki, na ndani yake aliandika kila KEEP tuliyopaka na maana yake kwa Kiswahili. Alisema fundi akipaka kitu asichokielewa, huyo ni mashine. Upande mmoja Kizungu, upande mwingine sisi tunavyosema. KEEP LEFT, kaa kushoto. KEEP OUT, usiingie. KEEP GATE CLOSED, hapa tulibishana. Mimi nilisema "funga geti". Yeye akasema hapana, kufunga ni mara moja, hii inataka geti likae limefungwa hata wewe ukishaenda. Akaandika, "geti lisiachwe wazi". KEEP DRY, kisinyeshewe. KEEP QUIET, ile ya hospitali, nyamaza, lakini akaongeza "na uendelee kunyamaza". Ya mtu wa nyuki kule Njoro, WE KEEP BEES, tunafuga. Ya duka la dawa, keep away from children, weka mbali na watoto. Neno moja la Kizungu na sisi tunalitafutia kumi. Kuweka, kutunza, kufuga, kuchunga, kukaa, kuendelea, kuzuia, kutimiza ile ya ahadi. Nilimuuliza sasa mzizi wake ni upi, yote haya yanatoka wapi. Akafikiri, akanyoosha nywele za brashi.

"Ni kama mtu ameshika kitu na hataki kukiachilia," akasema. "Hiyo tu. Kingine chote ni matawi."

Mambo ya vyeo nayaruka. Tulipata kazi na kampuni ndogo iliyokuwa na kandarasi ya mabango na rangi kule Olkaria, kwenye visima vya mvuke wa umeme, kampuni ambayo siku hizi haipo, na hata ingekuwepo nisingeipa heshima ya kuitaja. Tukahamia Naivasha. Mimi na Nekesa tulipanga nyumba mtaa wa Kihoto, kwa sababu kulikuwa karibu na ziwa na hewa nzuri. Tulikuwa hatujui kwamba ziwa nalo lilikuwa linapanga kuhamia kwetu.

Mkifika kwenye mvuke mara ya kwanza, pua ndiyo inajua kwanza. Mayai yaliyooza. Baada ya wiki moja husikii tena, na hapo ndipo pa kuogopa. Ile hewa inakula vitu. Waya wa shaba unakuwa mweusi. Pete yangu ya ndoa, ya fedha, iligeuka nyeusi mwezi wa kwanza, Nekesa akaniuliza nimeoa nani mwingine huko.

Mzee Elfas hakupaka hata herufi moja wiki ile ya kwanza. Alichukua mifuniko ya mikebe, akapaka kila mmoja rangi yake, nyeupe hii, nyeupe ile, njano, nyekundu, akaitundika kwa waya karibu na mahali panapofuka. Siku mbili. Wafanyakazi wa pale walimcheka, wakasema mzee wa Nakuru ameanika nguo za panya. Siku ya tatu akaniita.

Nyeupe moja ilikuwa bado nyeupe. Nyingine, ile nzito ya zamani yenye madini ya risasi, ilikuwa kama mtu ameivutia sigara mwaka mzima.

"Umeona?" akasema. "Hii usipake hapa. Hata ukipewa bure. Kila mkebe mpya ukija, mfuniko kwanza."

Mfuniko kwanza. Huo ndio mfuniko niliowaambia.

Sasa nataja watu.

Wa kwanza ni Ezra, mtu wa stoo na ununuzi. Wa pili ni Injinia Cosmas, msimamizi wa mradi, mtu wa shati jeupe na buti safi. Wa tatu mtamjua.

Mzee alikuwa ameenda mazishi ya dada yake, Vihiga, wiki tatu. Alipoondoka tu, Injinia akaja na haraka. Kulikuwa na wageni wanakuja kutembezwa. Kuna kidimbwi kipya cha maji moto kilikuwa kimejitokeza chini ya njia, na pembeni yake ardhi inaonekana ngumu, imekauka kama ukoko wa ugali, lakini chini ni tope linalochemka. Ilitakiwa mbao sita za KEEP OFF, yaani usikanyage hapa. Nikasema sawa, nyekundu na nyeupe, kama kawaida.

Injinia akakunja uso. "Nyekundu hapana. Inatisha wageni, na hapa ni karibu na mbuga. Paka kijani kizito, herufi nyeupe. Ipendeze. Na isimamishwe ndani kidogo, isizibe mandhari watu wakipiga picha."

"Ndani wapi, boss? Ndani ndiko kubaya."

"Hatua tatu tu. Wewe paka."

Nikaenda kwa Ezra kuchukua nyeupe. Nyeupe yetu ilikuwa imeisha. Akanitolea mikebe minne mizee, ina kutu, aliyookota kwenye karakana fulani iliyofungwa. Nilipoinua mkebe mkono wangu ulijua. Rangi ya risasi ina uzito wake.

Nilifanya alivyonifundisha. Naapa nilifanya. Nilipaka mfuniko, nikautundika. Kesho yake ulikuwa umeanza kufifia, kijivu pembeni. Nikaung'oa, nikampelekea Ezra dirishani.

"Angalia. Hii itageuka nyeusi."

Akaupangusa na kidole. "Ni vumbi."

"Si vumbi. Mzee Elfas alisema..."

"Mzee Elfas yuko wapi? Yuko kwa matanga. Wageni wako wapi? Wako njiani. Wewe unataka kusema stoo yangu inatoa rangi mbaya? Paka, Barasa."

Nikapaka. Nyie vijana, hapo ndipo wa tatu anaingia. Nilipaka mbao sita, herufi nzuri kabisa, nyeupe juu ya kijani, nikaanzia katikati, uzi wa chaki, kila kitu. KEEP OFF HOT GROUND. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaenda. Hakuna aliyeungua. Nikajiambia labda kweli ni vumbi.

Mzee alirudi Jumatatu asubuhi. Alileta ndizi na kipande cha sabuni ya Nekesa. Nilikuwa nyuma ya pikapu nakoroga rangi ya mabomba, na sikumwambia kuhusu mikebe. Nilingoja achoke kusalimia watu kwanza. Yeye alichukua kitambaa chake, kama kawaida, akaenda kuzungukia mbao mpya azipanguse.

Nikasikia anaita. "Barasa! Huu ubao mbona hauna kitu?"

Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama kwenye changarawe anaangalia chini kule kwenye kidimbwi. Kutoka nilipokuwa niliona kijani kitupu. Herufi zangu zilikuwa zimegeuka nyeusi, zimekuwa rangi moja na kile kijani kizito. Wiki tatu tu.

Mtu mwingine yeyote angepita. Nani anajali ubao mtupu? Lakini mtu wa kupaka mabango akiona ubao hauna maandishi hawezi kupita, lazima ajue kwa nini. Niliona anatoka kwenye changarawe na kushuka. Hatua moja, mbili. Anainama, ananyoosha mkono kuigusa rangi na ncha za vidole, vile alivyozoea kutafuta ukingo wa herufi.

"Mzee, rudi! Rudi nyuma!"

Akanipungia kitambaa. Alidhani namsalimia.

Ukoko ulipasuka akaingia hadi chini ya magoti. Hakupiga kelele, alisema tu "Aa!" kama mtu aliyekumbuka kitu. Nilikimbia na ubao mrefu wa jukwaa, nikautupa, nikalala juu yake kifudifudi nikamvuta kwapani. Alipotoka, ubao uliteleza na mkono wangu wa kushoto ukaingia hadi juu ya kifundo. Sitaeleza zaidi. Mimi vidole vyangu vilijikunja vikabaki hivyo, havishiki kitu. Yeye alipoteza vidole vya miguu yote miwili na nyama ya kisigino. Alikaa hospitali ya Nakuru miezi mingi. Hakupanda ngazi tena.

Siku ya tano Ezra alinijia wodini na karatasi. Ilikuwa ripoti, kwa Kizungu, imeshapigwa chapa. Akaniwekea kalamu. Nikamwambia anisomee. Akasoma haraka, lakini mstari mmoja niliusikia vizuri kwa sababu neno langu lilikuwa ndani yake. The worker failed to keep off a clearly marked area. Kwamba ubao ulikuwa unaonekana wazi na mzee akaupuuza.

"Hiyo si kweli," nikasema.

Akakaa kitandani, karibu kabisa, kama anakuja kuniombea. "Basi tuandike ukweli. Nani alipaka zile mbao?"

Nikaangalia ile kalamu.

"Nani aliona mfuniko umegeuka, akapaka hata hivyo? Si ni wewe uliniletea dirishani? Chagua, Barasa. Ni ubao ama ni mzee."

Nekesa alikuwa na mimba ya pili. Nawaambia hivyo si kujitetea, ni kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikatia sahihi. Mkono wa kulia ulikuwa mzima kabisa.

Injinia alihamishwa kwenye mradi mkubwa zaidi. Ezra aliniagiza nichome zile mbao sita. Tano nilichoma. Ya sita, ile ya mahali pale, niliifunga kwa gunia nikaipeleka nyumbani, nikaipandisha juu ya dari. Mkiniuliza kwa nini, sijui. Sikuwa na mpango. Nilishindwa tu kuiachilia.

Miaka tisa nilienda Nakuru kila Krismasi kumuona Mzee Elfas. Sukari, majani, gazeti. Alikuwa anatembea kwa fimbo mbili, nyumba yake ileile upande wa reli. Mke wake, Mama Dorka, alikuwa anamwosha vidonda vya kisigino ambavyo vilikuwa vinafunga na kufunguka. Mzee aliuliza, "Kazi?" Nikajibu, "Inaendelea." Hakushika brashi tena. Nilidhani ni miguu. Nilikuwa najiambia mtu hawezi kupaka bila kusimama siku nzima. Nilikaa, nikanywa chai, nikaondoka na lile jambo kama nilivyokuja nalo.

Halafu ziwa likaja Kihoto. Mliona wenyewe. Maji yaliingia polepole, bila kelele, asubuhi unaamka kiatu kinaelea. Watu wanatoa magodoro, televisheni, kuku. Mimi nilipanda juu ya dari na kushuka na gunia.

Nekesa alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, mtoto wa dada yake mgongoni. Akaangalia gunia. "Baba Simiyu. Godoro liko ndani, unga uko ndani, wewe unaokoa ubao?"

Akalifungua lile gunia hapo hapo, akaona kijani kitupu. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia yote, tukiwa tumesimama kwenye maji. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana, ingekuwa afadhali.

"Tukishapata mahali pa kulala," akasema, "utaupeleka kwa mwenyewe."

Nikaupeleka. Mzee Elfas alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya mlango, miguu kwenye stuli, Mama Dorka anamwosha kwa pamba na ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Nikaweka ubao chini, nikauegemeza ukutani mbele yake. Nikasimama.

Aliuangalia. Akavua miwani, akaifuta na shati, akairudisha.

"Hauna kitu," akasema taratibu.

"Hauna, mzee."

"Wewe pia unaona hauna kitu?"

"Hauna hata herufi moja. Ulikuwa hivyo siku ile. Ni ile nyeupe ya risasi. Nilijaribu mfuniko ukageuka, nikamwambia Ezra, akasema nipake, nikapaka. Halafu nikatia sahihi kwamba ulikuwa unasomeka."

Mama Dorka aliacha kuosha. Mzee hakuniangalia. Nikajua nimemuumiza tena. Nikangoja anifukuze.

"Dorka," akasema, "ulisikia? Haukuwa na kitu."

Mama Dorka aligeukia upande wangu, na machozi tayari. "Unajua huyu mtu ameishi namna gani? Kila mtu alimwambia ubao ulikuwa umeandikwa. Ripoti ilisema umeandikwa. Na wewe uliyekuwa naye ulisema umeandikwa. Akaniambia, Dorka, mimi nimezeeka, macho yangu yananidanganya. Alikataa kupaka hata jina la kanisa letu. Alisema atapotosha watu."

Hilo sikulijua. Miaka tisa nilidhani tulimnyang'anya miguu. Kumbe tulimnyang'anya macho.

Nikapiga magoti pale kwenye saruji. Niliomba msamaha kwa Kiswahili na Kibukusu. Mzee aliniacha niseme, halafu akanigonga begani na fimbo, si kwa nguvu.

"Simama, Lef. Sogeza huo ubao."

Nikausogeza hadi magotini pake. Akapeleka mkono, ncha za vidole, akafuata mahali K ilipoanzia. Rangi ya herufi huwa inasimama kidogo juu ya ile ya chini, ukijua kugusa unaisoma. Alienda pole, K, E, E.

"Lete hiyo dawa," akamwambia mkewe.

"Dawa gani? Hii ni ya miguu yako!"

"Miguu itangoja. Baba yangu alisafisha bodi ya stesheni na hii, wakati wa moshi wa makaa. Ile nyeupe yao ilikuwa hii hii ya risasi, nayo iligeuka nyeusi."

Akalowesha pamba, akaiweka juu ya K na kuipitisha pole pole. Ilitoa povu dogo. Akangoja, akapitisha tena. Na mimi nilikuwa nimeinama hapo nimeshikilia ubao, nikaona mguu wa K unatoka. Haikuwa nyeupe ya dukani, ilikuwa kama maziwa yaliyotiwa majani kidogo, lakini ilikuwa inatoka. Halafu mkono wa juu. Halafu E ya kwanza. Mama Dorka akasema, "Yesu wangu," akaenda kuita jirani.

Mzee alifika hadi KEEP OF na dawa ikaisha.

"Hii K yako," akasema, "mguu bado ni mfupi."

"Nilikuwa na haraka, mzee."

"Hizo E ziko sawa."

Akakaa, akaangalia. Ilikuwa mchana, jua linapiga ubao, nusu ya maneno yanaonekana na nusu ni giza. Kila jirani aliyefika, mzee alimuuliza, "Unaona nini hapa upande huu?" Na kila mmoja alisema haoni kitu, na yeye anatingisha kichwa kama mtu anayelishwa.

"Kwa hivyo nilikuwa naona," akasema. Alilisema mara tatu hivi siku ile.

Kisha akamtuma Mama Dorka daftari. Lile lile la karatasi ya kaki. Akafungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi, akanipa nisome. Kumbe alikuwa ameomba nakala ya ripoti tangu hospitalini. Upande wa kushoto alikuwa amenakili, failed to keep off. Upande wa kulia alikuwa ameandika kwa Kiswahili, "hakuona, akaingia". Chini yake, kwa herufi ndogo, "sahihi ni ya Barasa". Alijua siku zote. Aliijua B yangu, si yeye ndiye aliyenifundisha kuichora tumbo?

Nikamuuliza, "Na bado ulinikaribisha chai?"

"Nilidhani umesema kweli," akajibu. "Ningekukasirikia vipi?"

Akatoa kalamu nyuma ya sikio. Alikata yale maneno ya kulia kwa mstari mmoja ulionyooka, bila rula, bila kupumua. Halafu akanipa kalamu mimi, akanisogezea daftari juu ya ubao. Nilihesabu herufi kwanza, nikatafuta ya katikati. Nikaandika: "Alisogea asome."

Aliangalia kazi yangu. "Sasa sahihi," akasema.

Nikatia.

Ubao sasa uko kwenu karakana, ule wa juu ya mlango, herufi nusu nyeupe nusu nyeusi. Msiumalizie kuusafisha. Mzee mwenyewe alikataa nilipomletea dawa nyingine. Ile chupa aliipeleka kwenye kisigino chake, na wiki iliyofuata Mama Dorka alinipigia simu kwamba kuna mtu amekaa kwenye kiti mbele ya kanisa lao, miguu kwenye stuli, ameomba ubao wa kanisa uteremshwe ukutani na kuwekwa mapajani pake, na amekasirika kwa sababu hawana uzi wa chaki. Uzi niliupeleka siku hiyohiyo.